Kompyuta Iliyosafishwa kwa Ajili ya Krismasi

Juzi mtoto wa jirani yangu, anayesoma chuo, alinijia mbio na kompyuta mpakato kwapani. Shikamoo yenyewe aliitoa akiwa bado uwanjani. "Bibi, humu ndani nilikuwa na mifumo miwili, Windows na Linux. Nikiwasha, inaniuliza nataka upi. Jana imejisasisha yenyewe, na leo haiulizi tena. Inaingia Windows moja kwa moja, kana kwamba Linux haijawahi kuwepo!"

Jamani, nilicheka mpaka miwani ikanidondokea mapajani. Kijana akadhani namcheka yeye, akanuna. Wala! Ilikuwa furaha tu. Nimestaafu, nafuga ng'ombe wawili, nachuma kahawa, nagombana na kuku, na nilidhani ugonjwa ule ulizikwa zamani pamoja na flopi. Kumbe upo, mzima wa afya! Nilimnyang'anya ile mashine kabla hajakaa, nikaingia kwenye mipangilio ya kuwashia, nikakuta kile kile nilichotarajia: Windows imejiweka ya kwanza kwenye orodha, Linux imesukumwa chini. Nikaipandisha. Chai ilikuwa bado haijachemka na kijana ameshaanza kutabasamu.

Nyie mnaoanza ufundi ndio ninaowaandikia haya, kwa sababu kijana huyu alipofika kwangu alikuwa ameshaamua kufuta kila kitu aanze upya. Kufuta! Mbona mna haraka hivyo ya kufuta?

Duka langu lilikuwa Kiboriloni, katikati ya saluni na fundi viatu. Watu waliniita Mama Manka wa kompyuta, ili nisichanganywe na Mama Manka wa maziwa. Ufundi nilianzia kwenye taipureta, chini ya Mzee Barnaba, aliyekuwa na kibanda mjini upande wa Mawenzi. Mteja akiingia, mzee yule hakuuliza mashine ina shida gani. Aliuliza, "Nani wa mwisho kuigusa?" Mteja akijibu kwamba hakuna, Mzee Barnaba alirudi kusoma gazeti lake, taratibu kabisa, kama mtu aliye peke yake. Baada ya muda mteja anakohoa. "Labda mtoto." "Ehee. Mtoto alifanya nini?" Nusu ya matengenezo ilikwisha hapo, na bisibisi bado iko mezani.

Biashara ya nje ilipofunguliwa nchini na kompyuta za mitumba zikaanza kumiminika, nyingine zikitokea Dubai na stika za ofisi za watu zikiwa bado zimebandikwa ubavuni, Mzee Barnaba aliizunguka ya kwanza kama anayekagua ndama wa kununua. "Mashine gani hii haina hata utepe wa wino?" Akaniachia mimi. "Wewe una subira ya kuzungumza na kitu kisichojibu," akaniambia, na sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Lakini lile swali lake nililibeba, na kwenye kompyuta ndiko lilikofanya kazi zaidi kuliko kwenye taipureta.

Wateja nilikuwa nawaelezea hivi. Diski yenye mifumo miwili ni kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo, chenye nyumba mbili za ndugu, na getini kuna mlinzi mmoja. Mlinzi aliyewekwa na Linux ni mtu wa watu, anakuuliza, "Unakwenda kwa nani?" Ukimtajia, anakuonyesha njia. Sasa Windows ikiwekwa upya, inakuja na mlinzi wake, inamfukuza wa zamani bila kumuuliza mwenye kihamba, na huyo mpya anajua nyumba moja tu. Hana roho mbaya. Hajui tu kwamba kuna nyumba nyingine nyuma ya migomba. Na wewe unasimama getini unalia ndugu yako amekufa, kumbe yuko ndani anapika mtori!

Lishikeni hilo, tafadhali. Kilichoondolewa ni mlinzi, nyumba haijabomolewa. Ukiwa na CD ya uokoaji unapita kwa uani, unaingia ndani, unatoa amri moja fupi, na mlinzi wa zamani anarudi kwenye kiti chake. Mara ya kwanza nilipofanikiwa kufanya hivyo nilipiga vigelegele mwenyewe dukani, mpaka watu wa saluni wakaja na mitandio ya plastiki kichwani kuuliza nani kajifungua.

Ugonjwa huu ulikuwa na msimu wake, na msimu wenyewe tulijitengenezea sisi. Kila Desemba Wachagga wanarudi nyumbani. Wanatoka Dar, wanatoka Mwanza, wote wanaupanda mlima na watoto na magunia ya mchele. Na miaka ile kila ukoo ulikuwa na kijana mmoja wa Dar anayejua kompyuta, ambaye alisafiri na CD ya Windows kwenye begi pamoja na mswaki. Akishashiba nyama, anatafuta mashine ya kutengeneza. Januari duka langu lilikuwa linafurika! Nikimwona mtu anashuka na CPU imefungwa kwenye kitenge kama mtoto wa kliniki, nilimuuliza tu, "Mgeni wenu ameshaondoka?"

Mzee mmoja muuza pembejeo wa Kwa Sadala aliniletea mashine isiyoingia Windows wala Linux. Iliandika herufi mbili tu kwenye kioo cheusi, L na I, ikanyamaza. Mlinzi wa Linux wa siku zile jina lake lilianza na herufi hizo, na akiishia hapo ujue amepotewa na nusu ya maelekezo yake. Mara nyingi ni mtu amehamisha diski kutoka waya huu kwenda ule. Mzee hayo hakuyajua. Akaniambia kwa uzito wote, "Mama Manka, mashine inauliza LINI. Haijamaliza neno, lakini mimi nimeielewa. Nimeiandikia Jumatatu, imekataa." Nilitoka nje nikajifanya natema mate ili nicheke vizuri.

Lakini kazi ninayotaka hasa muijue ni ile ya kwaya.

Mwalimu Aikaeli alifundisha fizikia sekondari, huko juu upande wa Machame, na jioni aliongoza kwaya ya usharika wao. Alikuwa mgonjwa wa Linux kama mimi. Nilimwekea mwenyewe, na kando yake nikaacha Windows kwa ajili ya mke wake na watoto. Kwenye Linux ndiko alikorekodi kwaya, kwa maikrofoni moja iliyofungwa kwenye ufito katikati ya kanisa. Nyimbo alizitunga yeye, na karibu zote zilianzishwa na Mama Elirehema.

Mama Elirehema alikuwa mkulima tu, mwenye migomba na ng'ombe kama sisi wote, lakini akianzisha wimbo kanisani, wanaume waliobaki nje wakizungumza mpira walikuwa wanaingia bila kuitwa. Alikuwa na rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni, kama watu wengi wa huku juu siku zile, na rovu likaanza kumbana pumzi. Madaktari wakasema lazima litolewe, na wakamwonya kwamba sauti inaweza kuguswa. Ndiyo maana Mwalimu aliharakisha kumrekodi. Akafanyiwa upasuaji, akapona, hata akanenepa. Sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono, na kwa mnong'ono huwezi kuimba. Mazoezini akaacha kwenda, na Jumapili alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa ili atoke kabla kwaya haijasimama. Iliniuma sana kuliona hilo, maana nilikwenda kule mara moja nikaliona kwa macho yangu.

Kwa hiyo sauti ya Mama Elirehema ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye diski ya Mwalimu. Nakala haikuwepo. Flopi isingetosha hata ubeti mmoja, na CD walipanga kuja kuzichoma kwangu baada ya sikukuu.

Mnajua wiki ya Krismasi mlimani ilivyo. Kuta zinapakwa chokaa, uwanja unafagiliwa, makaburi ya wazee yanapaliwa. Mke wa Mwalimu akamwona shemeji yake, Godlisten, ametoka Dar na amekaa bure kibarazani. Akamwambia, "Shemeji, hebu nisafishie na hiyo kompyuta, wageni wasije wakaikuta hivyo." Yeye alimaanisha vumbi. Kitambaa alikiweka pale pale juu ya monita! Lakini Dar, kwenye mitaa ya mafundi, kusafisha kompyuta ni kufuta yaliyomo na kupiga Windows mpya. Godlisten akaisafisha kwa moyo wake wote. Kitambaa hakukigusa.

Jioni Mwalimu akaiwasha, ikapita moja kwa moja Windows bila kuuliza. Krismasi yao ikaharibika. Mbuzi alichinjwa, akaliwa kama dawa.

Sikukuu ilipokwisha tu wakanishukia. Mwalimu mbele, mke wake, Godlisten amebeba CPU kifuani, na nyuma yao nusu ya kwaya, nyuso zimewashuka kama watu waliokuja kuhani msiba. Mwishoni kabisa alikuwa Mama Elirehema, mtandio umezungushwa shingoni. Hakuna aliyemwita. Alisikia, akaja.

"Shikamoo, anti," Godlisten akasema akitazama viatu vyake.

"Marahaba. Nani wa mwisho kuigusa?"

"Ni mimi. Aisee anti, shemeji kaniambia nisafishe, mi nikasafisha!"

"Nilisema vumbi!" mke wa Mwalimu akapaza sauti.

"Hukusema vumbi, shemeji. Ulisema kompyuta."

Mwalimu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nikawanyamazisha. Nikamwambia Godlisten, "Sema pole pole. Ulipofika pale inapokuonyesha diski imegawanywa vipande, ulifanya nini?"

"Niliona vipande viwili. Cha kwanza kilikuwa na Windows, nikakifuta. Cha pili kimeandikwa hakijulikani."

"Ukakifuta?"

"Hapana, anti. Nikasema hiki sikijui ni cha nani, bora nikiache."

Weee! Nilimkumbatia pale pale, na CPU yake ikiwa katikati yetu, nusura imponyoke. Vijana wangapi wa Dar wangeacha kitu wasichokijua? Nikawageukia wanakwaya, nikaanza kuwaambia habari za mlinzi na geti, tayari nikiwa nimeshashinda, ndipo mke wa Mwalimu akakohoa.

"Ila kuna kitu, Mama Manka. Jana nilikuwa nabofyabofya nikitafuta nyimbo. Kikatokea kiboksi, kinasema ile diski ya pili haijaandaliwa, je, nataka kuiandaa?"

Kiboksi hicho nakijua. Windows haisomi lugha ya Linux, kwa hiyo ikiona nyumba ya Linux inaona kiwanja kitupu, na inajitolea kukilima.

"Ukabonyeza wapi?"

"Cha kushoto."

Cha kushoto ni ndiyo, vijana wangu. Siku zote kilikuwa ndiyo.

"Halafu?"

"Kikatokea kingine, kirefu. Nikakiogopa. Nikazima kwenye swichi ya ukutani."

"Ulizima kabla ya kubonyeza chochote kwenye hicho kirefu?"

Akafikiri. Kwaya nzima ikamtazama. "Nadhani kabla," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Sikumbuki, mwenzangu. Nadhani."

Miaka yote ile nilikuwa nimewagombeza watu wasizime mashine ukutani. Nilibandika hadi karatasi mlangoni. Siku hiyo nilimwomba Mungu iwe kweli yule mama alizima ukutani, na upesi, tena kwa kibao cha mkono!

Nikaweka CD yangu ya uokoaji, yenye Linux nzima inayowaka bila kuigusa diski. Hapa sikilizeni, maana ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Mgonjwa kama huyu unamwangalia kwanza kwa macho. Huandiki chochote kwenye diski, hata herufi moja, mpaka ujue kilichomo. Nikaiuliza mashine inionyeshe mipaka. Vipande viwili vikaonekana, cha pili bado kikijiita Linux. Mwalimu akavuta pumzi. Nikamwambia asifurahi bado, huo ni uzio tu, hatujui ndani kama pamelimwa. Nikatoa amri ya kukifungua kwa kusoma tu, bila kuandika. Nikabonyeza.

Umeme ukakatika.

Kiboriloni yote ikaguna kwa pamoja, mashine ya kukaushia nywele ikanyamaza saluni, na mwanakwaya mmoja akamwita Mungu kwa Kichagga, "Ee Ruwa!" kwa namna ambayo ingewachekesha watu siku nyingine. Tukakaa. Fundi viatu akatuletea viti. Godlisten akawa anakata kucha kwa meno. Mama Elirehema akanisogelea, akaniinamia sikioni, na nikalazimika kuzuia pumzi yangu ili nimsikie.

"Zikiwa hazipo," akanong'ona, "uniambie mimi kwanza. Mwalimu umwambie baadaye. Atajilaumu sana."

Nilimshika mkono tu, na mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu, mkono wa kukata majani ya ng'ombe. Nilijisikia kulia, na kilio cha fundi mbele ya wateja ni kitu kibaya, basi nikajifanya natafuta bisibisi chini ya meza.

Umeme uliporudi nilianza upya tangu mwanzo, CD, mipaka, amri. Kioo kikakaa kitupu kidogo. Halafu mistari ikaanza kushuka, mmoja chini ya mwingine, majina ya nyimbo, yote aliyoyaandika Mwalimu kwa mkono wake!

"Zipo!" Nilipiga kelele ambayo sijapiga hata siku ya harusi yangu. "Zipo zote! Mama, ulizima ukutani! Ubarikiwe wewe na ukuta wako!" Mke wa Mwalimu akaruka na kunikumbatia, Godlisten akawapigia watu saluti, na Mwalimu Aikaeli, mtu mzima wa fizikia, akakaa chini sakafuni na kofia yake.

Fundi asiye na akili hapa angekimbilia kumrudisha mlinzi getini. Msifanye hivyo. Kwanza mtoe watoto ndani ya nyumba. Nikazivuta nyimbo zote kwa waya kwenye mashine yangu kubwa, nikaanza kuzichoma kwenye CD, na ilipokuwa inachoma ndipo nikarudi kwa mgonjwa, nikatoa ile amri moja, nikaizima, nikaiwasha. Ikauliza: Windows au Linux? Nilitamani kulibusu lile swali. Tukachagua Linux, tukafungua wimbo wa kwanza, nikageuza spika zitazame chumba.

Zikaanza sekunde za kelele za kanisa, mtu anakohoa, benchi linalia. Halafu ikaja sauti. Jamani, sijui niwaelezeje. Ilipanda peke yake, pana, haina wasiwasi wowote, ikakaa kule juu ikitungoja. Watu wa saluni wakaja mlangoni. Fundi viatu akaweka nyundo chini. Kwaya ilipoingia kwenye spika, wanakwaya waliosimama dukani walikuwa tayari wanalia, wanawake kwa wanaume, na mimi niliacha kutafuta bisibisi, nililia waziwazi.

Mama Elirehema peke yake hakulia. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kidole kinapiga mapigo kwenye mtandio. Wimbo ulipofika ubeti wa pili akakunja uso. Akanivuta mkono wa gauni.

"Rudisha hapo," akaninong'oneza.

Nikarudisha. Akasikiliza tena, macho yamefumbwa. Kisha akawageukia wanakwaya na kuwauliza jambo kwa midomo, nami niliyekuwa karibu nikawapazia: "Anauliza, nani huyo kwenye besi aliyeingia kabla ya wakati?"

Watu wakatazamana.

"Ni mimi," akasema Mwalimu Aikaeli kutoka sakafuni.

Lo, duka lililipuka kwa kicheko! Hata mke wake alishika mbavu. Lakini Mama Elirehema hakuwa anatania. Alifungua mtandio shingoni, na kovu lake likaonekana mbele ya watu wote, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu atoke hospitali. Akamwashiria Mwalimu ainuke. Akawapanga pale pale, katikati ya monita na nyaya zangu, soprano mlangoni, alto kwa fundi viatu, wanaume ukutani, na Godlisten, ambaye hakuwa mwanakwaya hata siku moja, naye akasukumwa kwenye besi. Akainua mkono, akaanza kuwaeleza kosa lilipo.

Hawakusikia kitu. Niliona midomo yake inatembea na watu wa nyuma wananyoosha shingo. Feni za mashine zilikuwa zinavuma dukani kama nyuki, na mnong'ono wake ulimezwa wote. Akajaribu tena kwa nguvu, mishipa ikamsimama. Nikaona mkono wake unaanza kushuka.

Nikatazama CD. Ilikuwa imemaliza. Nikazunguka duka nikizima mashine moja baada ya nyingine, yangu kubwa, ya Mwalimu, hata za wateja wengine zilizokuwa katikati ya kazi, mpaka feni ya mwisho ikasimama.

"Besi," akasema Mama Elirehema, na safari hii alisikika mpaka saluni.